Kiangazi kinakuja: maelekezo kwa kamongo kijana

Kijana, kinamasi chako kimeanza kunuka tope, na maji yamebaki ya kufunika mgongo tu. Sato watakufa. Kambale atajikokota kwenye nyasi akitafuta dimbwi jingine. Wewe usimfuate. Ukoo wa samaki wenye mapafu ulikuwa ukivuka ukame kabla dinosaria hajazaliwa, na kilichobaki kwako ni kufuata utaratibu.

Kwanza, ule kama uliyealikwa harusini. Huko chini utaishi kwa kuitafuna misuli yako mwenyewe, hivyo iwe minene tangu mwanzo. Konokono usiwaache: mabamba ya meno yako yameumbwa kuponda magamba yao, na kila konokono wa kichocho unayemmeza ni neema kwa watoto wanaooga ufukweni.

Kisha chimba, tope likiwa bado laini. Ling'ate, lipitishe kwenye matamvua, shuka nalo. Ukifika chini jigeuze, kichwa kielekee juu, mkia uukunje mpaka ufunike macho. Kugeuka huko usikusahau, maana uhai wako uko kwenye mapafu mawili na matamvua yako hayakutoshi. Hata ziwa likiwa limejaa, kamongo mkubwa asiyepata nafasi ya kupanda juu kuvuta pumzi hufa maji.

Maji yakiisha kabisa, toa ute. Utakauka uwe gamba jembamba linalokubana mwili mzima, lenye tundu dogo mdomoni.

Sasa sikiliza jambo ninalomsimulia kila anayekubali kunisikiliza: usikojoe. Samaki aliye majini hutoa amonia, maji yakaibeba. Humo shimoni huna wa kukubebea, na amonia ikijaa mwilini ni sumu. Ini lako litaigeuza kuwa urea, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi, nawe utakaa nayo mwilini hadi mvua. Huku mapigo ya moyo yamepungua, figo zimepumzika, na chakula unachochoma ni kidogo mno. Homer Smith, Mmarekani aliyetumia maisha yake kuchunguza figo, alikuja Afrika Mashariki kukutafuta, na mwaka 1932 akatoa kitabu chenye jina lako: Kamongo. Wenzako waliowekwa kwenye tope la maabara wamedumu hata zaidi ya miaka mitatu bila kula. Ninaona hakuna samaki katika maziwa yetu anayestahili heshima kuliko wewe, na inaniuma ukiitwa nyoka na kutupwa kando.

Mvua ikinyesha, maji yataingia kwenye tundu na kuiziba pumzi yako. Hapo amka, pasua gamba, panda juu uvute hewa. Sasa kojoa.

Kuhusu binadamu. Ukiwa Uganda, tafuta majirani wa ukoo wa Mmamba wa Buganda. Wewe ni mwiko wao, hawakuli. Kwingine utakutana na kamba zenye ndoano nyingi. Ukiwa dume utalinda kiota pembezoni mwa mafunjo wakati wa kutaga, na hapo ndipo kukuvua ni rahisi kuliko wakati wowote, kwa sababu hutaki kuwaacha watoto. Mbinu ya kukwepa hilo sina. Nawageukia wavuvi: dume aliye kiotani mwacheni, mkimtoa mmeondoa na kizazi kinachofuata. Nawageukia pia wanaofyeka mafunjo na kuchimba mifereji ya kukausha vinamasi. Kamongo anaweza kusubiri maji yaliyochelewa. Maji yaliyoelekezwa kwingine hawezi kuyasubiri, hata akilala miaka mitatu.

Na mwenye jembe akimkuta amelala ardhini, amrudishe palepale kichwa kikiwa juu, afukie taratibu, na aliache tundu la hewa wazi.