Wasiwasi wa Mwenye Dumu la Tembo

Katika kazi zote anazoweza mtu kuzianza nyumbani kwake bila ya mwalimu wala cheti, sijapata kuona iliyo nyepesi kwa mikono na nzito kwa moyo kama kuchachisha, kwani mikono humaliza wajibu wake mara tu tembo linapokwisha kumiminwa chomboni, ilhali moyo hubaki ukikesha mlangoni mwa stoo, ukiuliza kila saa kama kilichomo ndani ki hai au kimekwisha kufa. Mpishi wa mkate wa kumimina hana mashaka hayo, maana tembo lake halilali naye zaidi ya usiku mmoja. Lakini atakaye siki, na yule akenekaye gongo kwa siri ilhali sheria ya mwaka 1966 inamkataza, hufuata njia moja mwanzoni, ya kungoja utamu ugeuke kilevi, kisha ndipo huachana, mmoja akashika njia ya moto na mrija, na mwingine njia ya hewa na subira. Mimi nilishika njia ya pili, kwa sababu achari ya maembe ya mama watoto ilidai siki nyingi kuliko pato langu lilivyoweza kuinunua dukani.

Tembo nililiagiza kwa mgema mmoja mzee wa hapa kwetu Pangani, akaniletea asubuhi, bado tamu, nikalitia katika dumu la plastiki la lita 20 na kukaa kitako mbele yake. Hapo ukanijia wasiwasi wa kwanza: je, hamira imo, au ni wajibu wangu kuitia?

"Bwana," aliniambia mgema, akijifuta jasho kwa ncha ya kikoi, "tembo halingoji ruhusa yako. Limeanza kuchacha huko huko mnazini, wewe ungali umelala."

Alisema kweli, kwa kuwa hamira hukaa kibuyuni tangu ugemaji wa jana na juzi, ikaivamia sukari, ambayo katika tembo bichi hukaribia sehemu 15 kwa kila 100, ikaigawa karibu nusu kwa nusu kwa uzani, upande mmoja kilevi na upande wa pili hewa ya ukaa. Kabla ya adhuhuri dumu lilikuwa likitokota bila ya moto, povu jeupe limepanda hadi shingoni, nami nikahama katika hofu ya kuwa halichachi nikaingia katika hofu ya kuwa linachacha mno.

Hiyo nusu ya pili, ya hewa, shemeji yangu hakuwa na habari nayo. Alikuja jioni kutujulia hali, akawaona nzi wadogo wekundu wakizunguka mdomo wa dumu, akakikaza kifuniko kwa nguvu zote alizojaaliwa na Mola, akaenda zake kwa salama na amani. Usiku wa manane kikasikika kishindo; kifuniko kiliruka hadi darini, kikateremkia sufuria, na tembo likafoka na kutambaa sakafuni hadi chini ya gunia la mchele. Majirani walitoka na marungu, wakitanguliwa na mjumbe wetu wa nyumba kumi, amejifunga msuli na tochi mkononi, naye aliponusa hewa ya stoo alibadilika uso, akaniuliza kwa sauti ya kiserikali, "Mtambo uko wapi?" Nikamwonyesha kwamba hapana pipa, hapana mrija, hapana hata jiko la makaa. Akachungulia uvunguni, akafungua kabati la vyombo, akaigeuza geuza kwa tafakuri ndefu pampu ya baiskeli ya mwanangu, na mwisho akatoa hukumu kwamba kadhia haijafungwa, na kwamba atarudi kuiona siki hiyo kwa macho yake.

Siku zilizofuata povu lilikoma, na kimya kikanisumbua kuliko kishindo. Kijana mmoja aliyesoma kemia alinikopesha kipimo cha kioo kinachoelea, ambacho katika tembo tamu husimama juu sana, na katika lililokwisha kuchacha huzama hadi karibu na 1.000, ambayo ni alama ya maji matupu. Kikisoma namba ile ile leo na kesho, basi hamira imemaliza kazi yake na haina deni. Nililihamishia tembo hilo katika mtungi wa mdomo mpana, nikaufunika kwa kitambaa cha melimeli, kwa sababu vijidudu vya siki, kinyume cha hamira, havifanyi kazi pasipo hewa. Haukupita muda ukatanda juu yake utando wa kijivu ambao shangazi yangu, alipouona, alitaka mwiko hapo hapo ili auopoe.

Nilimzuia kwa kumsimulia kisa cha mwaka 1856, mjini Lille huko Ufaransa, cha mwenye kiwanda aliyekeneka kilevi cha viazisukari, ambaye mapipa yake mengine yalichacha vizuri na mengine yakaharibika, hata akamwendea Louis Pasteur, naye kwa hadubini akaona katika mapipa mazima chembe za mviringo za hamira, na katika yaliyoharibika vijidudu vyembamba vyenye umbo la fimbo. Katika miaka ya 1860 bwana huyo akathibitisha kwamba utando wa juu ya siki ndio mfanyakazi mwenyewe, na kuuzamisha ni kumtosa baharini. Shangazi alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama huyo Pasteur aliwahi kupika achari, na nilipokiri kwamba sina habari hiyo, akauweka mwiko karibu na mkono wake.

Wasiwasi wa mama watoto ulikuwa wa dini, nao ulikuwa mzito zaidi, kwamba twaweka kileo nyumba moja na miswala. Tulimwendea sheikh, akatufahamisha kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii kilichowekwa kwa nia ya siki kina heshima yake, na kwamba kileo kikigeuka siki chenyewe hutoharika pamoja na chombo chake, ila kikigeuka kwa kutiwa kitu hakitoharika. "Msitie kitu, msiguse," akasema, na shangazi, ambaye kemia ya Wafaransa haikumshughulisha hata kidogo, alirudi nyumbani akautundika mwiko ukutani.

Mjumbe alirudi kama alivyoahidi, akadai ushahidi, akapewa kijiko, akakibugia chote kwa ujasiri. Macho yakamtoka machozi, akashika mlingoti wa kitanda. "Hii si pombe, bwana," akasema alipopata pumzi, "hii ni adhabu." Kisha akaomba chupa moja kwa ajili ya samaki wake.

Basi wewe unayetaka kuanza, nunua tembo kwa mgema mwaminifu, usikaze kifuniko linapochacha, ulipe hewa likitulia, ulifunike kwa kitambaa nzi wasiingie, kisha mpe mtu mwingine ufunguo wa stoo.