Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, kutoka Ulaya ya Kilosa

Mheshimiwa Waziri,

Naomba unipokee nikiwa nimesimama, kofia mkononi, maana sijazoea kuwaandikia wakubwa. Mimi ni mkulima wa ufuta katika Kata ya Ulaya, Wilaya ya Kilosa. Ni Ulaya hii ya kwetu isiyohitaji viza, njiani kati ya Kilosa mjini na Mikumi. Najua mlangoni kwako wamejaa watu wenye miadi, nami sina miadi. Nitajitahidi nisikuchoshe.

Naanza na pongezi, tena za dhati. Nchi imefunguka. Tangu Rais Mwinyi, Mzee Ruksa wetu, Mungu amrehemu, alipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, milango haijaacha kufunguliwa. Tumeingia Eneo Huru la Biashara la Afrika. China nayo, tangu Desemba 1, 2024, imefuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, na sisi, kwa heshima zote, tumo katika orodha hiyo. Wa rika langu hatujasahau miaka ya kufunga milango: mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi, majirani wakagawana. Kwa hiyo tafadhali, Mheshimiwa, usinihesabu miongoni mwa wanaoipinga biashara huria. Mimi ni mnufaika wake, na mnufaika akilalamika huonekana hana shukrani. Ndiyo maana naandika kwa woga.

Ufuta ninaolima mnunuzi wake wa mwisho hayuko Mikumi wala Morogoro. Sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania huvuka bahari ukiwa mbegu vilevile, haujakamuliwa hata tone, na China ndiyo mteja mkubwa. Bei ikipanda huko, huku kwetu hatungoji taarifa ya habari. Tunasikia mashoka.

Kwa idhini yako nieleze. Mwenye kiwanda bei ikipanda huongeza mashine. Mkulima wa Ulaya huongeza ekari. Mbegu bora zipo, watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walishatoa Lindi 02 na Ziada 94 siku nyingi, lakini mbegu ya Mtwara na shamba la Ulaya hukutana kwa nadra. Mbolea ina bei yake na bwana shamba ana vijiji vyake vingi. Pori, kwa upande mwingine, liko pale pale. Ukifyeka miombo mwezi wa kumi ukachoma moto, ardhi hiyo hukupa ufuta mzuri msimu wa kwanza na wa pili, bila mbolea na bila magugu ya kukuvunja mgongo. Msimu wa tatu magugu yameshafika. Baada ya hapo unasogea mbele, na aliye nyuma yako anasogea pia.

Katika vitabu vya Wizara yako huo ni ukuaji, nami sibishi, tani ni tani. Ila tija, yaani kile kinachotoka katika ekari moja, imebaki palepale baba zetu walipoiacha. Nathubutu tu kuuliza kama katika jedwali la mauzo ya nje kuna safu, hata nyembamba, ya miti ya pori, mitondoro na miyombo, iliyoondoka pamoja na hizo tani. Kama ipo na mimi sikuiona, nisamehe.

Najua washauri wako ni wasomi kuliko mimi, na huenda watakunong'oneza kwamba hali hii ni ya mpito. Mwaka 1991, Gene Grossman na Alan Krueger wa Princeton, wakipima athari za Marekani kufungua biashara na Mexico, waliona hewa ya miji huchafuka nchi inapoanza kupata, kisha husafika kipato kikipanda. Ni habari njema kwa moshi wa salfa. Bomba la kiwanda hufungwa chujio na kesho yake watu wakapumua. Mninga lakini hauna chujio. Ukishageuzwa jivu la kuotesha ufuta, wa kushika nafasi yake utahitaji miongo mingi, na mjukuu wangu atakuwa ameshastaafu.

Hapa sasa, Mheshimiwa, nakuomba radhi mapema, maana naingia katika ofisi isiyo yako. Nataka kusema habari za mkaa.

Mkaa ndio mshtakiwa wa kila hotuba ya mazingira. Tafiti za misitu yetu zimeonyesha kwamba kinachomaliza misitu hasa ni mashamba, mkaa unafuata kwa mbali, lakini mkaa una masizi na ufuta ni mweupe, basi. Kilosa tulibahatika. Kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kwa fedha za Uswisi, walikaa na vijiji vyetu, Ulaya Mbuyuni ikiwa mojawapo, wakapanga uvunaji wa mkaa kwa sheria. Ukienda kwenye msitu wa kijiji utaona vitalu vya mita 50 kwa 50 vimepangwa kama ubao wa drafti: hiki kimevunwa, cha jirani yake hakiguswi. Kandokando ya mito hakukatwi, wala kwenye miteremko mikali. Kisiki huachwa na kimo chake ili kichipue, na kitalu kikishavunwa hupumzika miaka 24. Mnunuzi hulipa ushuru kijijini, anapewa risiti, na fedha zile zimeonekana kwa macho katika madarasa, maji na afya.

Naomba uone hapo kilichotokea, kwa sababu nadhani wengi hawakukiona. Kwa mara ya kwanza msitu uliosimama ulikuwa na bei. Mwenyekiti wa kijiji aliweza kumwambia mtu mwenye panga, "Hapo usilime, hapo pana fedha yetu." Hakuhitaji kutaja tabianchi.

Bei hiyo sasa inabanwa pande mbili. Kwanza, mkaa halali unapita njia ndefu ya usajili, vibali na hati za usafirishaji, hasa baada ya kanuni za mwaka 2019, na kila kituo kina kalamu yake. Mkaa wa usiku, ule wa pikipiki isiyowashwa taa, hauna kalamu yoyote. Yote miwili inafika Dar es Salaam na kuuzwa bei moja. Wewe ni mtu wa biashara, Mheshimiwa, sitakufundisha ni upi utamshinda mwenzake. Pili, Serikali imeazimia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mke wangu, aliyepuliza moto miaka yote, anaunga mkono kwa mikono miwili na mapafu mawili. Ila gesi ya mitungi tunaiagiza ng'ambo kwa dola, na mkaa wa Ulaya Mbuyuni ukikosa soko, msitu ule hautabaki msitu kwa sababu tu tumeacha kuukata kitaalamu. Utakuwa shamba jipya la ufuta, maana ufuta, kwa hisani yenu, mlango wake uko wazi.

Na wa kulaumiwa hayupo. Ufuta ni wa Kilimo, mkaa ni wa Maliasili, gesi ni ya Nishati, wewe una mlango tu. Kila Mheshimiwa kwa nafasi yake amefanya vizuri.

Mlango nao hufungwa kutoka nje bila hodi. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi inazoagiza kwa mwaka, na bei huku ikaporomoka mpaka watu wakaziacha shambani. Mbaazi zilioza, lakini pori lililofyekwa kwa ajili yake halikurudi.

Ukija kwetu, na tutafurahi sana, utapita barabara kuu inayokata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Humo hupita malori ya Zambia na Kongo, shaba ikishuka bandarini na bidhaa zikipanda, na wanyama hugongwa. Pembeni kuna bango lenye picha za wanyama, na kila mmoja ameandikiwa faini yake kwa dola za Marekani. Wengine hulicheka. Mimi nalipenda: ni mahali adimu ambapo biashara inayopita imeonyeshwa gharama ya inachokanyaga, tena kwa fedha inayoielewa. Twiga ana bei. Mtondoro wa Ulaya hauna.

Ombi langu ni dogo, na uko huru kulitupa. Mkataba mwingine wa kufungua soko la zao utakapoletwa mezani kwako, kabla hujauweka saini, muulize aliyeuleta tani hizo za nyongeza zitatoka katika ekari zilezile au katika ekari mpya, na kama ni mpya, ziko kijiji gani. Akijibu "zilezile", muulize mbegu imefika lini. Kisha, mkikutana na mwenzako wa Maliasili kwenye chai, upunguzieni mkaa wa vijiji wenye mpango hizo kalamu, hata mbili tu. Na tozo kidogo katika kila kilo ya ufuta inayopanda meli ikirudi kwenye vijiji vinavyotunza misitu, hatutaihesabu kuwa kikwazo cha biashara.

Barabara ya kutoka Mikumi kuja kwetu masika huwa na tope, kwa hiyo tunashauri uje kuanzia mwezi wa saba, wakati ufuta umeshavunwa na wanunuzi wako vijijini na mizani zao. Ukipenda, njoo na mizani yako.

Wako mtiifu kupita kiasi,

Mkulima wa ufuta,
Ulaya, Kilosa.