Marehemu Yuko Jikoni

Mwaka 1999 watu wa kampuni ya Netscape walituletea kitu kinaitwa RSS. Tovuti inaweka faili dogo lenye vichwa vya habari, viungo na tarehe. Programu yako inalipitia kila baada ya muda na kukuletea kilicho kipya. Habari mpya juu, za zamani chini, basi. Ukizimaliza, zimekwisha. Hakuna wa kukupangia, hakuna wa kukuchokoza ukasirike ili usiondoke.

Ustaarabu wa namna hiyo ungedumu vipi? Julai 1, 2013, Google wakaifunga Google Reader, programu yao ya kusomea RSS, wakisema watumiaji wamepungua. Nasi tukaendelea, maana binadamu lazima aendelee. Siku hizi unafungua simu kutafuta matokeo ya mechi ya jana, unapewa harusi ya watu usiowajua, dawa ya nguvu za kiume, na ugomvi wa juzi uliopashwa moto. Matokeo utayaona keshokutwa, yakiwa yamebandikwa neno “Mpya!” kwa herufi nyekundu. Wenye mtandao wanasema wanakujua kuliko unavyojijua. Labda. Mimi sijaoa wala sina mpango, lakini kila siku naletewa keki za harusi.

Wajuzi wa mjini wanatuambia RSS ilishakufa. Wanayasema hayo wakiwa na hedifoni masikioni, wanasikiliza podikasti, ambazo mpaka leo nyingi husambazwa kwa RSS hiyo hiyo. Msiba gani huu, jamani, marehemu ndiye anayepakua pilau?