YAH: Ombi la Wanafunzi wa Bweranyange Kusomwa

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Mitihani la Tanzania.

Kwa heshima na taadhima, Baraza linapongezwa. Tangu lianzishwe mwaka 1973, ni nadra kumpata mchapishaji nchini anayepokea miswada mingi kama linavyopokea lenyewe kila Novemba, watahiniwa wa kidato cha nne wakiwa zaidi ya laki tano. Kila insha humpata msomaji mmoja, mwenye kalamu nyekundu, kisha hulala usingizi wa pono. Siri nayo hutunzwa barabara: mwandishi hujulikana kwa namba, na swali la barua mara nyingi humpangia hata jina la kutia mwishoni.

Bweranyange imezoea mambo hayo. Novemba 1861 Rumanyika, Mukama (mfalme) wa Karagwe, alimkaribisha hapo mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke. Mgeni akatoa utepe, akampima shemeji wa mfalme mkono na paja, na vipimo vikachapwa kitabuni mwaka 1863. Mwenzake wa safari, James Grant, akatoa kitabu chake 1864, na mgeni wa baadaye, Henry Stanley, 1878. Historia ya ufalme wa Karagwe iliyoandikwa na Mtanzania Israel Katoke ilitoka 1975, miaka 112 baada ya kile cha Speke. Shemeji aliyepimwa hakuacha hata mstari mmoja.

Vitukuu wa wenyeji hao wako darasani leo, wakiandika habari za kahawa, migomba na mpakani. Daftari likijaa, kurasa huchanwa, zikakunjwa pembe na kutiwa karanga. Mteja akimaliza kutafuna hubakiwa na aya mbili na alama 6/10. Kwa usambazaji wa kazi za wanafunzi, muuza karanga hana mpinzani.

Serikali haijalala. Tangu 2023, Taasisi ya Elimu Tanzania inatoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ila tuzo hiyo yataka mswada kamili, na mtoto wa kidato cha pili ana kurasa mbili tu. Chuoni Makerere, Uganda, ng'ambo ya mpaka, waliziba pengo hilo mwaka 1958 kwa jarida la wanafunzi, Penpoint. Humo Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha hadithi fupi kabla ya riwaya yake ya kwanza ya 1964.

Kwa hiyo Baraza linaombwa lihesabu, katika alama za maendeleo, kazi iliyotoka kwenye jarida la shule ikiwa na jina halisi la mwanafunzi. Gharama isiwe kisingizio: mashine inayodurufu mitihani ya majaribio inaweza kudurufu hadithi.

Jibu linasubiriwa kabla ya Novemba, kwa maandishi, likiwa na jina la aliyeliandika.