Waasia Kutoka Msumbiji

Durban, Afrika Kusini, wapo Wazanzibari ambao Zanzibar hawajaiona hata kwa dawa. Wazee wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Waingereza waliwatoa kwenye majahazi ya watumwa, wakawapitisha Zanzibar, na kuanzia 1873 wakawapeleka huko Natal wakiwa huru. Huru kwa mkataba wa kazi, lakini.

Wakatulia King's Rest, mtaa wa Bluff hapo Durban, wakiswali swala zao, Kimakua nyumbani na Kizulu mtaani, bila kumuudhi mtu. Ndipo wakaingia makarani wa ubaguzi wa rangi, watu wenye mapenzi ya ajabu na fomu. Kwa sheria ya 1950 kila kiumbe alitakiwa awe na kundi lake daftarini. Hawa wakawaumiza vichwa: weusi, tena Waislamu! Baada ya kuwapachika hapa na pale, wakubwa wakakata shauri: "Waasia Wengineo". Hongera zao! Waliihamishia Msumbiji Asia bila hata tetemeko.

Miaka ya 1960 wakang'olewa Bluff, wakatupwa Chatsworth kwa Wahindi. Hao waliotunga sheria ya kuwatenga watu, kwa mkono wao wakawachanganya. Wamakua wakaishi na majirani zao, na Umakua wao hawakuupigia mnada.

Nasi huku tunao waheshimiwa wanaotetemeka kwamba kijana akioa kabila la pili, mila zitakwisha. Jamani, mila gani hizo za sukari, zinayeyuka kwa chai ya jirani?