Sifa za Mashine Iliyolegea Katikati

Mashine kuukuu ya milingi, ile ya kuchongea chuma, haijapata msifu wa haki. Madalali wa Meru, Embu na Kariobangi kule Nairobi huisifu kila uchao, lakini huisifu kwa yasiyo yake: kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa mzungu, kwamba haijawahi kufunguliwa, kwamba ni kuwasha tu. Mimi niliyeitafuta huku na huko, nikitaka moja tu ya kuweka kibandani nyuma ya nyumba nichongee vipuri vya mashine za kumenya kahawa, naona umefika wakati iheshimiwe kwa yaliyo yake.

Uzito, kwanza. Ile ya Bridgeport, iliyobuniwa na Rudolph Bannow huko Marekani na kuanza kuuzwa mwaka 1938, ina takriban tani moja. Hakuna kibaka wa kutoroka nayo usiku, na hakuna dereva wa Canter aliyeibeba akateremka nayo daraja la Nithi bila kukumbuka sala zake. Rangi, pili: kila ninayoonyeshwa imepakwa kijani kibichi jana yake, hadi juu ya kibao cha kiwanda, hadi juu ya grisi. Ana haya yule, hataki kutu yake ionekane na wageni. Umeme, tatu: inataka fezi tatu za volti 415, nyumba yangu ina fezi moja ya volti 240, kwa hiyo sina budi kununua kigeuzi, kisha kufungua mota na kuunganisha nyaya upya kutoka nyota kwenda delta, kama kibao cha mota kinaruhusu. Kibao kimepakwa rangi. Tuendelee.

Fadhila iliyo kuu kuliko zote ni mchezo. Mafundi wanaelewa. Meza ya mashine hii husukumwa na skrubu ndefu inayopita ndani ya nati, na mzunguko mmoja wa mkono huisogeza meza milimita tano hivi. Kwenye mashine nzima, ukigeuza mkono kurudi nyuma, unakwenda bure kwa mistari michache tu ya duara la vipimo, kisha meza inatii. Kwenye mashine niliyoiona mjini Nkubu, mkono ulikwenda nusu ya mzunguko kabla ya meza kupata habari.

Wenye haraka husema huo ni ubovu. Hawajatafakari. Ile nusu ya mzunguko ni mapumziko yenye heshima kuliko yote aliyowahi kupewa mfanyakazi: mkono unazunguka, jicho limekaza, jasho linatiririka, na hakuna kinachoharibika kwa kuwa hakuna kinachofanyika. Ni funzo la unyenyekevu pia, maana nambari ya kwenye duara inageuka kuwa uvumi, na fundi anarudi kupima kila hatua kwa mkono wake mwenyewe. Halafu ni shule ya maadili. Ukithubutu kukata kwa kufuata upande kisu kinakoelekea, kisu huidaka kazi, huumeza mchezo wote kwa mkupuo mmoja, na shafti ya watu inaruka ukutani. Basi fundi mwenye mashine ya namna hii hulazimika kwenda kinyume na kisu maisha yake yote. Wangapi miongoni mwetu wamejifunza uadilifu kwa bei hiyo?

Na tazama mahali mchezo unapokaa. Skrubu hailiki kote kwa usawa. Kila mtu hufunga kazi yake katikati ya meza, kwa hiyo katikati ndiko kunakolika. Ncha zote mbili zinabaki kama zilivyotoka kiwandani. Nilimweleza hayo muuzaji wa Nkubu.

“Mzee, hiyo ni kukaza nati tu,” akasema.

“Kaza basi.”

Akakaza. Katikati meza ikawa tulivu kabisa. Tulipoisukuma kuelekea mwisho, ikagoma kama imechomelewa. Akanitazama, akasema, “Lakini wewe utafanyia kazi katikati, si ndiyo?” Kisha akataja laki tatu na nusu. Laki tatu na nusu! Kwa meza ambayo kuna mtu aliishika akaitoboa kwa drili, mara saba, ndani ya chuma kilichosawazishwa kwa ustadi, kwa sababu alikuwa mvivu wa kuweka kipande cha ubao chini ya kazi yake! Mtu huyo yuko hai mahali fulani na anaitwa fundi.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Mashine nzuri zipo, na haziko kwa madalali. Katika uwanja wa ofisi moja ya umma huku mlimani iko moja inayolala nje chini ya mgrivilia, haina rangi mpya, haina tundu hata moja mezani. Nimeizungusha mkono kwa ruhusa ya askari: mchezo ni mdogo. Katika chuo kimoja iko nyingine ambayo bado ina grisi ya kiwandani, imefunikwa turubai, huku wanafunzi wakiichora kutoka ubaoni. Mwalimu alinieleza bila aibu kwamba ikiguswa itaharibika.

Niliuliza ile ya chini ya mti inauzwaje. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 haina mzaha: iwepo kamati ya uondoaji mali, na kifaa kisichotakiwa kihamishiwe taasisi nyingine ya umma, au kiuzwe kwa zabuni au mnada, au kitolewe kama sehemu ya bei ya kipya, au kitupwe kama taka. Kunyeshewa hakumo kwenye orodha. Bado, ile mashine imenyeshewa masika na vuli. Mwanzoni mwa 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa sababu ya waliokuwa wakihujumu nguzo za umeme, nilifurahi kwa niaba yake. Miezi michache baadaye marufuku ikaondolewa, na wanunuzi wa chuma chakavu wakarudi na mizani zao kuichungulia juu ya ukuta.

Hapo ndipo nilipoitambua skrubu. Ncha ya juu ya ofisi zetu inang'aa: vifaa vinapoletwa, mkubwa huja na msafara, utepe hukatwa, picha hupigwa. Ncha ya chini inang'aa vilevile: langoni wanaandika jina lako, nambari ya kitambulisho na saa uliyoingia, na hawakosei. Katikati ndiko mkono unakozunguka bure. Barua imepokelewa. Faili iko kwa afisa. Afisa yuko semina. Kamati haijatimia. Ukimpigia kelele mmoja wao, anakazwa pale alipo, na mwisho mwingine unagoma.

Kwa hiyo nawageukia nyinyi, wanakamati wa uondoaji mali wa kaunti za Meru na Embu, popote mlipo. Kaeni kikao kimoja. Tangazeni mnada, kila kifaa na nambari yake, msiuze kwa kilo. Nitakuja na Canter yangu ya kukodi, nitalipa siku hiyo hiyo, na rangi msiipake.