Vipato Vitatu vya Fundi Mmoja

Mpwa wangu ana vipato vitatu, na vyote vinatoka kwenye mashine moja ya kuchomelea.

Kipato cha kwanza ni cha wakwe. Kilitajwa siku ya posa, mbele ya wazee waliokaa mkekani, na kwa jinsi kilivyotajwa kilitosha kuoa wake wanne na chenji ikabaki. Cha pili ni cha ndugu. Hicho hutajwa kila kadi ya mchango wa harusi inapofika karakana: "Mwaka huu kazi hakuna kabisa, hata rodi za kuchomelea nakopa." Cha tatu ni cha serikali, nacho kina ushahidi: kitambulisho cha mjasiriamali, vile vilivyoanzishwa na Rais Magufuli Desemba 2018, wakati ule shilingi 20,000 kimoja, kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayakuzidi milioni 4. Mpwa wangu alikuwa akikivaa shingoni hata msikitini.

Kipo na kipato cha nne, kile cha kweli. Hicho hajakiona mtu, na sina hakika kama mwenyewe anakijua. Miaka yote amekificha kwa ustadi mkubwa kuliko ule anaoungia chuma. Kisha akataka kuhamia Kanada, na Kanada ikasema inataka kukiona.

Kanada huwachagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama tangu 1967, na tangu Januari 2015 maombi hupitia mtandaoni. Umri una alama zake, elimu ina zake, lugha ina zake, na kazi uliyoifanya ina zake. Kazi ndiyo iliyomleta mpwa wangu mezani kwangu, maana nina steshenari hapa Kolo, Kondoa, kando ya lami, na katika ukoo wetu mwenye printa ndiye mwanasheria. Nikamsomea masharti kwa sauti. Angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi yenye malipo. Saa 30 kwa wiki, au 1,560 kwa mwaka. Barua ya mwajiri yenye cheo, majukumu, saa na mshahara.

"Mwajiri wangu nani, mjomba?"

"Wewe mwenyewe."

"Basi nitajiandikia."

Nikaendelea kusoma. Aliyejiajiri hawezi kujishuhudia. Maelezo aliyoyaandika mwenyewe kuhusu majukumu yake hayapokelewi. Wanataka karatasi kutoka kwa watu wengine, zinazoonyesha alimfanyia nani kazi gani na akalipwa nini. Mpwa wangu akanitazama kana kwamba sheria hiyo nimeitunga mimi usiku wa jana.

Saa nazo zikatusumbua. "Kungoja umeme urudi ni kazi au si kazi?" aliuliza. Ni swali zito kwa mtu wa kuchomelea, na masharti hayakuligusa. Tukakubaliana kwamba anayengoja umeme ameshika rodi mkononi yuko kazini, ila aliyelala chini ya mwembe hayuko. Kwa uamuzi huo tukapoteza kama robo ya mwaka.

Nikamsimulia kwamba Uingereza nayo ilikuwa na njia yake ya watu wenye ujuzi wa juu, iliyofunguliwa 2008 na kufungwa kwa waombaji wapya 2011. Ilitoa alama kwa kipato cha miezi 12, na ikadai kila chanzo cha kipato kithibitishwe kwa aina mbili za ushahidi, kama hati ya mshahara pamoja na taarifa ya benki. Lakini Waingereza walikuwa na huruma moja: kipato kilichopatikana katika kundi la nchi maskini kabisa walikizidisha mara 11.4 kabla ya kukipa alama. Mpwa wangu aliposikia hivyo akachukua kikokotoo changu, akazidisha geti la shilingi 250,000, ikaja 2,850,000, akaniuliza kwa uchungu kwa nini sikumwambia mapema. Njia ile ilipokuwa wazi yeye alikuwa darasa la nne.

Kazi kweli amefanya. Lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa 2018, watu wa huku walianza kujenga nyumba zinazotazama barabara, na nyumba inayotazama barabara haiwezi kukaa na mlango wa mbao. Mageti yake yamesimama kuanzia Kolo hadi Bereko, mekundu na ya bluu, mengine yana simba. Nilimlinganisha na majirani zetu wa kale. Michoro ya miambani hapa Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia 2006, waliichora watu wasioacha jina, tarehe wala ankara. Mary Leakey alifika 1951 akakaa ananakili, na hadi leo hakuna aliyewadai wale wachoraji barua ya mwajiri. Na ukitaka kupanda kilima cha Mongomi kuitazama michoro yao, unakatiwa risiti! Kazi yao ina risiti, ya mpwa wangu haina.

Si kwamba hakuweka kumbukumbu. Kumbukumbu alikuwa nazo, kwa chaki, ukutani kwa nje. "Haji geti 250, katoa 170." "Mashine ya alizeti, gunia 2." "Mama Ntilie dirisha, nakula." Mvua za Januari zilikuwa zimefuta upande mmoja wa mwaka, lakini upande mwingine tuliupiga picha, nikauchapa, tukautuma kwa mfasiri huko Dodoma, maana karatasi isiyo ya Kiingereza wala Kifaransa lazima ifasiriwe. Mfasiri akapiga simu jioni. Mengine yote ameelewa, alisema, ila anaomba kujua "nakula" ni shilingi ngapi.

Tukaona tukimbilie simu. Wateja wengi siku hizi hulipa kwa simu, na taarifa ya miamala inachapwa vizuri, ina tarehe, ina muhuri. Ikaja. Ilikuwa nzuri ajabu: geti, dirisha, tela la pawatila, zote zimo, mwezi baada ya mwezi. Tatizo likawa jina. Mtakumbuka kwamba laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa baada ya Januari 20, 2020, na bila namba ya NIDA husajiliwi. Namba ya mpwa wangu ilikuwa haijatoka. Ya bibi yake ilikuwa imetoka. Bibi akaweka kidole, na tangu siku hiyo kila geti la barabara hii limelipwa kwake.

Kwa mujibu wa karatasi, basi, fundi mwenye ujuzi katika ukoo wetu ni mama yangu mzazi, mwenye zaidi ya miaka themanini, asiyeona vizuri jua likishazama. Tulipomweleza akauliza huko Kanada kuna baridi kiasi gani. Nikamwambia. Akafikiri, akasema anaweza kwenda kama kuna kuni.

Zikabaki barua za wateja. Hapo ndipo nilipoijua Kolo upya. Mteja wa kwanza aliamini kabisa kwamba barua ni ya watu wa kodi, akakana kuwahi kutengenezewa geti. Alikana akiwa ameliegemea. Wa pili alikubali kuandika, lakini si kiasi alicholipa, kwa kuwa mkewe alishaambiwa kiasi kingine. Akaomba tuandike "alilipwa vizuri". Mzee mwenye mashine ya kukamua alizeti alitupenda kupita kiasi. Aliandika kwamba kwa kuunga mguu mmoja wa mashine alimlipa kijana shilingi milioni 40, akatia sahihi na dole gumba kwa pamoja, kwa usalama. Mashine yenyewe hainunuliwi hata kwa nusu ya hizo. Mtendaji wa kijiji alituandikia barua safi, yenye muhuri ulionyooka, ikisema kijana ni mkazi mwema, hana ugomvi na mtu na anajitegemea. Ilitaja kila kitu isipokuwa pesa.

Haji ndiye aliyetuokoa. Mpwa wangu alimwendea baada ya swala ya alasiri, akamwamkia, akajieleza kwa unyenyekevu. Haji akasema, "Mwanangu, andika nimelipa yote mia mbili na hamsini. Karatasi yenye deni itakuharibia safari." Tukashukuru sana. Wateja wengine wakasikia alivyofanya Haji, wakaja wenyewe steshenari, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akataka barua iandikwe kwamba amelipa yote. Sijawahi kuona kijiji kikipenda maendeleo ya kijana kiasi hicho.

Nikashauri tuongeze na karatasi ya kodi, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba mtu anaweza kulipa kodi ya fedha asizopata. Kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo wasio na vitabu vya hesabu, mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 hutozwa 100,000 kwa mwaka, na kati ya milioni 7 na milioni 11 hutozwa 250,000. Tulipofika ofisi ya kodi, mpwa wangu akavua kitambulisho shingoni, akakitia mfukoni, akasogea dirishani, akasema, "Naomba mnipandishe."

Ofisa akadhani hakusikia vizuri. Akarudia: anaomba awekwe kwenye laki mbili na nusu, ikiwezekana leo. Akaitwa ofisa wa pili. Wakampa kiti. Wakampa na maji ya kunywa.

Siri haikulala. Ndugu walipojua kwamba anayekopa rodi analipa kodi ya laki mbili na nusu, kadi za mchango zilikuja kwa mafungu, mojawapo ya harusi ambayo bado haina bwana harusi. Wakwe nao wakapiga hesabu upande wao, wakilinganisha na ile ya siku ya posa, na wakamwita binti yao nyumbani kwa mazungumzo. Alirudi, ila alirudi na maswali.

Maombi yametumwa, na wakati wa kungoja ni wakati wa kukusanya nauli. Kwa hiyo wiki iliyopita mpwa wangu alikwenda kwa Haji kufuata ile elfu themanini iliyobaki. Haji akaitikia salamu, akaingia ndani taratibu, akatoka na bahasha. Humo mlikuwa na nakala ya barua, imechapwa kwangu, sahihi ya fundi chini kabisa kwenye neno "nimepokea".

"Si wewe uliyeomba niandike nimelipa?"

Sasa mpwa wangu anapita kwa wateja wengine. Wote wana nakala, shilingi mia moja kwa ukurasa, na ya muhuri nilitoa rangi.